Mchapaji wa Free Area na Jina Lisilotoka

Mchapaji alikuwa na rula ya plastiki ya sentimita thelathini, na hakuna jedwali lililochapishwa dukani kwake kabla ile rula haijapita kwenye kioo cha kompyuta. Aliiweka chini ya safu ya kwanza, akasoma kwa sauti ya chini, akaishusha, akasoma ya pili. Wateja wenye haraka walipumua kwa nguvu ili asikie. Alisikia, na hakuharakisha. Barua hazikumsumbua, alizichapa huku anaongea na mtu mlangoni. Alichokiogopa ni majedwali. Alisema barua ikikosea utaona, lakini jedwali hukosea likiwa limenyooka, kila mstari mahali pake, na wewe unaweka sahihi.

Mimi ni katibu wa wanachama wa shamba letu, shamba lililokuwa la mzungu, ambalo wazee wetu walilinunua kwa kuchanga. Kazi ya katibu ni orodha. Orodha ya wanachama, ya waliofariki na warithi wao, ya ng'ombe wa kuchanjwa, ya zamu za maji. Kwa zaidi ya miaka kumi zote zilipita mikononi mwa Mchapaji. Naandika habari zake kwa sababu hadi leo wapo wanaosema alikula hongo akalitoa jina la mjane kwenye orodha ya viwanja. Hakula. Mtu anayejua hivyo kwa hakika ni mimi, na nilinyamaza kwa muda ambao hata sasa naona aibu kuutaja.

Duka lake lilikuwa mtaa wa Free Area, kati ya kinyozi na muuza mitungi ya gesi. Kompyuta mbili, printa moja kubwa yenye kelele, benchi la wateja, na kalenda ambayo hakuna aliyekumbuka kuigeuza. Vijana walimwita mathe wa printing, yaani mama wa kuchapa. Wazee walimwita Mchapaji, na mimi nilifuata wazee.

Namkumbuka na mwalimu mmoja wa sekondari aliyekuja na matokeo ya mtihani. Kwenye kompyuta ya shule jedwali lilikuwa zima. Kwenye karatasi, safuwima ya jumla, ile ya mwisho upande wa kulia, haikuwepo.

"Mathe, printer yako imeisha wino hii side," mwalimu alisema.

"Wino haijui kulia na kushoto, mwalimu. Meza yako ndiyo imezidi karatasi." Kila jedwali aliliita meza, hakuna aliyemrekebisha. "Tutailaza hii karatasi, alafu tupunguze hizi vyumba kidogo."

Vyumba ndivyo alivyoviita vile visanduku ambamo maneno hukaa. Aliilaza karatasi, akavibana vyumba vya majina ambavyo vilikuwa vipana bila sababu, na ile jumla ikaingia. Mwalimu akataka kuondoka na nakala zake arobaini. Mchapaji akamshika mkono wa koti. Alimtolea nakala moja tu, akamwambia akaisome benchini mpaka mwisho ndipo zile nyingine zitoke. Yule mwalimu alikaa pale kama mwanafunzi aliyechelewa. Akakuta mtoto mmoja ameandikwa mara mbili.

Safari nyingine nilimletea orodha ya ng'ombe, kurasa tano. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na vichwa vya safuwima: mwenye ng'ombe, waliokomaa, ndama, waliochanjwa. Kurasa zilizofuata zilikuwa na namba tupu. Nilimwambia daktari wa mifugo angeelewa tu. Akanitazama juu ya miwani.

"Katibu, umewahi kutoka nyumbani ukaacha kichwa?"

"La."

"Basi kila page itembee na kichwa yake."

Akaiambia kompyuta irudie ile safu ya juu kwenye kila ukurasa. Mimi nisingejua kwamba inawezekana. Ningeviandika kwa mkono mara tano, na huenda katikati ya njia ningebadilisha ndama wakawa ng'ombe. Alikuwa pia na dawa ya mistari inayoonekana kwenye kioo lakini haitoki kwenye karatasi. Hiyo iliwatesa sana watu wa makanisa. Alisema kuna mpaka wa kuonea na mpaka wa kuchapa, na ule wa kwanza ni ahadi tu. Kwa sisi watu wa mashamba maneno hayo hayakuhitaji maelezo.

Na kulikuwa na ile karatasi tupu inayotoka mwisho wa jedwali bila kuitwa. Watu waliitupa wakidhani printa imevuta karatasi vibaya. Yeye aliniambia chanzo chake. Baada ya jedwali, kompyuta huacha aya moja tupu, na hiyo huwezi kuifuta hata ufanyeje. Jedwali likijaza ukurasa, ile aya husukumwa kwenye ukurasa wake mwenyewe. Aliipunguza hadi saizi ya herufi ndogo kabisa, ikabaki pale pale bila kumdhuru mtu.

Usidhani alikuwa mtu wa mpangilio. Meza yake, ile ya mbao, ilikuwa aibu. Vikombe vitatu vyenye majani ya chai yaliyokauka, vitambulisho vya watu waliosahau kuvichukua, waya zisizojulikana zinakwenda wapi. Miwani yake aliitafuta kila siku. Aligomba na watu kisha akawachemshia chai, na ukikataa ile chai ndipo alipokasirika kwa kweli. Alisema hamruhusu mtu yeyote aguse mausi ya kompyuta yake, kwa sababu mtu akiigusa anaondoka na kosa anamwachia yeye. Mimi peke yangu aliniruhusu. Miaka mingi niliichukulia hiyo kuwa heshima, nikajivunia.

Uongo hakuuchapa. Mwenyekiti wetu aliwahi kumpelekea kumbukumbu za mkutano ambao haukufanyika, zenye wajumbe waliohudhuria na aliyefungua kwa maombi. Alizisoma zote, akazikunja, akamrudishia.

"Mwenyekiti, hii mkutano nitaandika mkishakutana."

"Mama, si ni formality tu?"

"Basi kutaneni hata hapa nje, kwa kinyozi. Nitangoja."

Tulikutana hapo nje, kwa kinyozi, watu saba tumesimama juani, na mtu akafungua kwa maombi. Akachapa. Nataka msomaji alikumbuke hilo, maana mtu huyu ndiye baadaye aliyesimama mbele ya watu zaidi ya mia mbili akasema jambo ambalo halikuwa kweli.

Ilikuwa hivi. Mpima ardhi alikuwa anakuja kuonyesha kila mwanachama vigingi vya kiwanja chake. Shambani kwetu desturi ni kwamba ndugu walionunua hisa pamoja huandikwa katika chumba kimoja, mkubwa juu, mdogo chini. Wengi walikuwa wameshagawana na kuandikwa mbalimbali. Chumba kimoja tu ndicho kilichobaki na majina mawili: la mzee mmoja, na chini yake la Mama Tabitha, mjane wa mdogo wake. Niliongoza mazishi ya mumewe mimi mwenyewe.

Siku ya kuchapa, Mchapaji alikuwa ameshapitisha rula yake mpaka mwisho. Orodha ilikuwa sawa, isipokuwa safu moja ilibaki peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Mimi sikupenda. Nilitaka iingie kwenye ukurasa uliotangulia, ipendeze.

"Iache hivyo," alisema. "Hiyo safu haijalalamika."

Akaenda nyuma kuchemsha chai. Mwenyekiti akanipigia simu: mpima amefika, gari linanguruma, wazee wamesimama. Akapiga tena. Nikaishika mausi. Nilikuwa nimemwona Mchapaji akirekebisha urefu wa safu mara nyingi, nikajiona fundi. Nikazichagua safu zote, nikaziwekea urefu mmoja, mfupi, na pale kompyuta inapouliza aina ya urefu nikachagua neno la pili badala ya la kwanza. Ile safu ya peke yake ikapanda juu. Nilifurahi. Nilitazama ukurasa wa mwisho tu, kwa sababu ndio niliokuwa nagombana nao.

Aliporudi na vikombe nikamwambia, "Imeingia." Alitazama chini ya kioo pale inapoandikwa idadi ya kurasa. Akanitazama. Simu yangu ikalia mara ya tatu. Akabonyeza, printa ikaanza kelele zake.

Saa mbili baadaye nilikuwa shambani nasoma majina kwa sauti, na mpima akionyesha vigingi. Watu walikwenda mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine wakivua kofia. Nilipofika kwa yule mzee nilisoma jina lake, nikasoma namba ya kiwanja, nikaendelea. Orodha ikaisha. Mama Tabitha alikuwa amesimama karibu na ua, kitambulisho mkononi, amevaa nguo ya kanisani.

"Katibu, na mimi?"

Nilipitisha kidole kwenye karatasi. Nilijua mumewe alichanga. Nilijua alipozikwa. Na bado nikamwambia, mbele ya watu, "Mama, kwa karatasi haupo."

Sina sentensi nyingine maishani mwangu ninayotamani kuirudisha kama hiyo.

Shemeji yake, yule mzee, hakuwa mtu mbaya siku ile. Alishangaa kama wengine. Lakini karatasi ikimpa mtu ekari zote, haichukui muda kabla hajaanza kukumbuka kwamba labda mdogo wake hakuwahi kuchanga kitu. Alilima pande zote mbili msimu huo na uliofuata. Mama Tabitha aliuza ng'ombe wake wa maziwa, akahamia mtaa wa Kaptembwo kufua nguo za watu.

Alinijia mara nyingi, na kila mara nilimwambia nitafuatilia. Mwishowe alikwenda mwenyewe kwa Mchapaji, na Mchapaji akaniita. Nilikuwepo alipofungua ile faili. Alikishika kile chumba, akabadilisha neno moja, na safu ikapanuka. Jina la Mama Tabitha likatokea chini ya jina la shemeji yake, herufi zote nzima. Lilikuwa mle ndani siku zote.

"Kuna 'at least' na kuna 'exactly,'" Mchapaji alisema polepole, bila kunitazama. "At least, watu wakizidi, chumba inapanuka. Exactly haijali nani ako ndani. Inakata."

Mama Tabitha aliuliza, "Sasa nani aliikata?"

Mchapaji alichapa orodha upya, akaipitisha rula, akampa. Mimi nilikuwa natazama kalenda.

Mkutano wa wanachama uliitishwa kwenye uwanja wa kanisa. Watu walikuja wamekasirika tayari. Neno lilishaenea kwamba shemeji amemnunua katibu. Anayejua historia ya mashamba ya huku kwetu anajua kwamba neno kama hilo halibaki neno, hugeuka moto, na nyumba yangu ilikuwa ya mabati na mbao, karibu na barabara. Hapo Mchapaji akasimama nyuma kabisa, ingawa hakuwa mwanachama.

"Hii kosa ni ya kwangu," alisema. "Katibu aliniletea majina zote. Mimi ndiye nilikata kwa mashine. Hakuna mtu amenilipa, na hakuna mtu amenituma. Nilikosea."

Walimzomea. Mama mmoja alimuuliza amekula na nani. Aliinua orodha mpya juu, akaomba isomwe, na nikaisoma mimi, na sauti yangu ilikuwa imara kabisa. Mpima aliitwa tena. Kiwanja kikagawanywa. Mama Tabitha alirudi shambani, ingawa ng'ombe hakurudi, na yeye na shemeji yake hawasalimiani mpaka leo.

Duka halikudumu. Shule zilihamia kwingine kwanza, kisha makanisa, kisha kamati. Nani ataleta orodha kwa mtu anayesemekana hufuta wajane? Mimi nilikuwa katika kamati iliyohamia. Hata mkono sikuinua kupinga. Kabla mvua za masika hazijaja alikuwa ameuza printa na kwenda kukaa kwa binti yake, kule Lanet.

Nilimtembelea mwezi uliopita. Nilichelewa mno. Uoga ukikaa sana mwilini unaanza kuuona kama busara. Nilimkuta nje ya nyumba, amekaa kwenye kiti cha chini, anachambua maharagwe kwenye ungo. Amepungua. Macho yamefifia, anachagua mawe kwa vidole zaidi kuliko kwa kuona.

"Ni nani?"

"Ni mimi, Mchapaji. Katibu."

"Kaa."

Nilikaa. Binti yake akaleta chai, nikainywa yote kwa sababu nilimjua. Kisha nikamwambia. Nilieleza kila kitu, simu za mwenyekiti, ile safu ya peke yake, urefu niliouweka. Nilieleza mpaka nikaanza kurudia. Vidole vyake havikusimama kwenye ungo.

"Hiyo naijua," alisema nilipomaliza.

"Ulijua lini?"

"Siku hiyo hiyo. Niliona page imepungua moja. Page haiwezi kupungua yenyewe. Nikaona wewe ni katibu, umesoma, umeharakishwa, sikuuliza. Rula yangu ilikuwa hapo kwa meza. Ndio maana pale uwanjani sikuona ni uongo wote."

"Lakini kwa nini ulijitwika? Ungesema ni mimi."

Sasa vidole vilisimama.

"Mchapaji akikosea, watu wanasema mama huyu mjinga. Katibu akikosea kwa mambo ya shamba, wanasema ni njama, alafu wanatafuta kabila yako. Ulikuwa na watoto ndani ya hiyo nyumba."

Nililia. Nasema wazi kwamba nililia, mtu mzima, mbele ya ungo wa maharagwe. Aliniacha nimalize. Halikuwa jambo la kufurahisha kwake, naona, wala hakunipapasa bega.

"Nisamehe," nilisema.

"Mimi nilikusamehe kitambo. Ingekuwa aje? Ningebeba hasara ya duka na kinyongo kwako pia?" Akaliweka jiwe dogo kando. "Mama Tabitha ameambiwa?"

"Hapana."

"Anadhani ni nani?"

Jibu alilijua mwenyewe, kama sisi wote tulivyojua. Mama Tabitha ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba mama wa Free Area alikula na shemeji yake. Bado alikuwa akisema.

"Katibu, umeshuka matatu kwa stage si yako," alisema Mchapaji. "Chai umekunywa. Maneno haya si yangu."

Nikamwambia nitakwenda, nitapanga siku, pengine baada ya mkutano wa mwaka. Aliuweka ungo chini, akashika ukuta, akasimama. Akamwita binti yake amletee sweta.

"Mama, unaenda wapi na hiyo macho?" binti aliuliza.

"Kusindikiza mgeni."

Tulichukua pikipiki mbili. Njia nzima niliuona mgongo wake mbele yangu, ameinama kidogo, amemshika dereva koti. Kwa Mama Tabitha palikuwa na mahindi yaliyofika kiunoni na moshi mwembamba jikoni. Tulishuka langoni. Nilidhani ataingia kwanza, aseme jambo la kufungua njia, kama alivyonifungulia siku zote. Akasogea pembeni, akaingiza mikono ndani ya sweta, akasimama.

"Mimi sisemi kitu," alisema. "Nitakuwa hapa tu."

Mama Tabitha alitoka akijifuta mikono kwenye leso. Aliniona, akatabasamu. Kisha akamwona aliyesimama nyuma yangu, na uso wake ukafunga.

"Katibu, huyu umemleta hapa kwangu wa nini?"

Nilivua kofia.

"Mama Tabitha," nikamwambia, "yeye ndiye amenileta. Jina lako nililikata mimi."